Nguzo ya Kumi na Nane

Hakuwa amelewa. Hilo liwekwe mbele ya yote, maana ndilo lililozungushwa kuliko yote, vibarazani, kwenye foleni ya maji, na hata ndani ya nyumba za ibada ambako watu walipaswa kuwa wamefumba macho. Mtu ambaye chupa pekee aliyowahi kuifungua mbele za watu ni ya dawa ya kikohozi alizikwa na sifa ya ulevi.

Halafu kitanda. Inasemwa kwamba seremala wa pale konani alimhonga kitanda ili kivuko kielekee mlangoni mwa karakana yake. Kitanda kinachosemwa ni cha marehemu mama mkwe wa huyo anayesingiziwa. Kina umri mkubwa kuliko lami ya barabara yenyewe, na mguu wake mmoja umeungwa kwa bati. Hakuna mtu duniani aliyewahi kuhongwa kitanda cha mguu wa bati.

Mjane wake ndiye anayeandika haya. Amefundisha watoto kusoma na kuandika kwa miaka ishirini na saba na hahitaji wa kumwandikia. Humu atajiita mkewe tu, kwa kuwa habari ni ya mumewe, na pale itakapobidi aingie mwenyewe ataingia kwa miguu yake bila kuburutwa.

Mumewe aliitwa Mstari. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye kitambulisho, likawa linatoka kabatini siku za kupiga kura. Alikuwa mchora mistari wa idara ya barabara. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na gari linalokwenda taratibu huku likiacha nyuma yake mstari mnyoofu, na dereva wake anasikiliza redio. Wakati ule ilifanywa kwa magoti. Mstari alikuwa na uzi wa chaki, ubao wa kupimia, brashi yenye mpini mrefu, ndoo mbili za rangi nyeupe na kopo la unga wa kioo, ule unaonyunyizwa juu ya rangi mbichi ili taa za magari ziuone. Unga huo ulimwingia kwenye nyusi, kwenye nywele, kwenye mikunjo ya shingo. Aliporudi jioni na kusimama mlangoni, jua la machweo likimpiga, alimetameta mwili mzima. Binti yao alipokuwa mdogo alidhani baba ana cheo.

Ndugu za mkewe hawakudhani hivyo. "Mwalimu mzima unaolewa na ndoo!" kaka yake mkubwa alimwambia siku ya posa, mbele za wageni, akacheka peke yake. Mposwa mwenyewe akamjibu kwamba ndoo hiyo ina mke mmoja na inajua njia ya kurudi nyumbani, jambo ambalo kaka hakuweza kulisema kuhusu nafsi yake. Tangu siku hiyo alimwita shemeji yake Bwana Ndoo, ila kwa sauti ndogo.

Mstari aliishia darasa la sita. Kusoma alisoma, polepole, akiweka kidole chini ya kila neno kama anayelishika mkono. Kuandika barua ya kazi hakuthubutu. Maombi ya likizo, maombi ya glavu, malalamiko ya koni zilizoibwa, yote yaliandikwa na mkewe mezani baada ya chakula, kwa mwandiko wake wa ubaoni, mume akiwa amesimama nyuma ya kiti akitazama jinsi kalamu inavyokwenda. Ofisini walizijua barua hizo. Karani alizipitisha meza hadi meza: "Njooni muone, Mstari kaandika tena! Hapa kaweka na nukta mkato." Mstari hakuona haya. Aliiheshimu karatasi kuliko watu wengi wanavyowaheshimu wazazi wao.

Sasa barabara. Wanaopita leo kwenye njia nane, zenye ukuta wa zege katikati na madaraja ya watembea kwa miguu, hawawezi kuijua barabara ile. Ilikuwa njia mbili za kwenda na mbili za kurudi, na katikati hapakuwa na kitu isipokuwa mstari ambao Mstari aliuchora upya kila baada ya miezi mitatu, na malori yakaula kabla ya mwezi mmoja kwisha. Kingo zilikuwa zimemegeka. Gurudumu likiteleza pale, gari halipandi tena, linalala. Asubuhi foleni ilianza kabla watoto hawajanawa uso: malori ya saruji, matangi ya mafuta, mabasi, mikokoteni, pikipiki zilizobeba milango ya watu na vioo vya madirisha, vyote vimebanana, na katikati yao wauza maji wakipenya na chupa zimeinuliwa juu. Gari la wagonjwa liliweza kulia palepale nusu saa nzima. Kisha king'ora kinanyamaza ghafla ilhali gari halijasogea, na kila aliyekuwa kwenye foleni alijua maana yake, akafunga kioo.

Lakini foleni haikuwa inaua. Foleni ilitukana tu. Kilichoua ni saa nne asubuhi, ilipoachia kwa mpigo mmoja kama mfereji uliozibuliwa, na kila dereva akataka kulipiza dakika zake zote alizoibiwa.

Watu waliiita Kinu. Nyumba zilikuwa upande mmoja, na soko, shule na zahanati upande wa pili, kwa hiyo kuishi pale ni kuingia kinuni mara nne kwa siku. Wenyeji hawakuulizana habari za kuamka. "Umevuka?" mmoja anauliza. "Nipo na viungo vyangu vyote," mwenzake anajibu, akijipapasa mikono na miguu kama anayehakiki. Walicheka. Kila nyumba ilikuwa na mtu wake aliyebakia barabarani, na bado walicheka. Namna ya kuvuka ilifundishwa kwa watoto kabla ya namna ya kufunga vifungo: unasimama, unasikiliza, unaruka, husiti katikati, hutazami nyuma, kiatu kikitoka kiache. Kando ya lami palikuwa na viatu vya mguu mmoja vya kutosha kufungua duka.

Miaka sita watu waliomba kivuko. Barua hizo nazo ziliandikwa na mkewe, ambaye wakati huo alikuwa naibu mwalimu mkuu wa shule ya upande wa pili. Mwaka wa saba jibu likaja, lenye mhuri: kivuko cha watembea kwa miguu, mistari kumi na miwili, kati ya nguzo ya kumi na nane na ya kumi na tisa kuhesabu kutoka kituo cha mafuta.

Nguzo zilikuwa za taa, ingawa taa zenyewe zilikufa zamani. Idara nzima ilipima kwa nguzo. Ukitandaza utepe wa kupimia juu ya Kinu, gurudumu linaukata kabla hujasoma namba. Nguzo zilisimama kila baada ya hatua hamsini, na namba zilizoandikwa juu yake siku zilipochimbiwa zilikuwa zimefunikwa na matangazo ya vyumba vya kupanga. Kwa hiyo fundi alianzia kituo cha mafuta, akatembea, akahesabu. Ndivyo walivyoziba mashimo, ndivyo walivyozibua mifereji, na ndivyo Mstari alivyochora kila mstari wake kwa miaka kumi na tisa.

Siku ile alihesabu kwa sauti, akigusa kila nguzo kwa kiganja, akiyakwepa matairi yaliyopangwa njiani na pikipiki zilizokuwa zikipita kwenye njia ya miguu kana kwamba ni yao. Nyuma yake alifuata Tumbo, mbeba koni, mtu mzima mwenye kitambi na mdomo.

"Kumi na sita. Kumi na saba."

"Unazihesabu au unazisalimia?" Tumbo aliuliza.

"Vyote viwili. Kumi na nane."

Akasimama. Hatua chache mbele yake barabara ilijikunja nyuma ya karakana ya seremala, na magari yaliyotoka mjini yalichomoza hapo kwenye kona kama yanayotemwa.

"Tumbo, hapa si karibu mno na kona?"

"Bwana, mimi ni wa koni. Wa kona yumo garini."

Msimamizi alikuwa ndani ya gari la idara, kioo kimeteremshwa nusu. Mstari akainama.

"Mkuu, naona hapa kona iko karibu."

"Karatasi inasemaje?"

"Kumi na nane na kumi na tisa."

"Na hapo ulipo?"

"Kumi na nane na kumi na tisa."

"Sasa unataka nikushike na brashi?" Kioo kikapanda.

Angeweza kurudi nyuma akahesabu tena. Mkewe amelifikiria jambo hilo mara nyingi kuliko anavyopenda. Lakini karatasi ilikuwa na mhuri, na mtu wa darasa la sita alikwisha kuuliza mara moja. Akapiga magoti.

Watu walitoka kutazama. Mama Chupa, muuza maji, mwanamke wa sauti kubwa ambaye hata madereva wa matangi walimwogopa, alisimama ukingoni na beseni kichwani.

"Mstari! Huu weupe ni wa kukanyagwa au wa kutazamwa? Mashuka yangu ya harusi hayakufikia hapo!"

"Utakanyaga, mama. Subiri ikauke."

"Nisubiri miaka sita tena?"

"Robo saa tu."

"Haya. Lakini nikivuka nikafika mzima, nakuoa mimi, mwambie Mwalimu ajiandae."

Alikuwa wa kwanza kuvuka. Alivuka akitembea, kiuno kikichezacheza, mkono mmoja umeinuliwa kuwasimamisha madereva, na madereva wakasimama, kwa kuwa koni zilikuwa bado zipo. Watu wakapiga makofi. Mstari alirudi nyumbani jioni akimetameta kuliko siku zote, na alikula mara mbili.

Jumatatu, wanafunzi walipojipanga asubuhi, naibu mwalimu mkuu aliwaambia hivi: "Kuanzia leo sitaki kumwona mtu anakimbia barabarani. Ninyi si mbuzi. Kuna mistari. Mtasimama, mtatazama, mtatembea juu ya mistari kama watu waliosoma." Akawaambia na aliyeichora ni nani. Walimu wenzake wakatabasamu. Alijivuna, na hakuficha.

Na hapo ndipo penye ubaya wote. Watu wa Kinu walikuwa wakiishi kwa sababu walikuwa wakikimbia. Mistari ile iliwafundisha kutembea.

Mama Chupa alikufa siku ya nne. Basi lilichomoza konani saa nne na dakika chache, foleni ikiwa ndiyo kwanza imeachia, likamkuta katikati na mkono wake umeinuliwa. Dereva alisema alidhani anamsalimu. Wiki iliyofuata akaenda mzee mmoja mstaafu wa posta, kisha fundi viatu aliyekuwa akivuka na kiti chake cha kazi. Madereva wote watatu walisema neno lilelile: wametokea konani wakakuta mtu ametulia barabarani kama yuko sebuleni kwake.

Mstari aliacha kula. Jumanne moja, kazi ilipokwisha, alikwenda peke yake kwa miguu hadi kituo cha mafuta, akaanza kuhesabu upya, safari hii si nguzo bali hatua. Hamsini, nguzo. Hamsini, nguzo. Baada ya nguzo ya kumi na moja alihesabu hamsini, mkono wake ukagusa hewa. Alikuwa amesimama mbele ya rundo la matairi ya fundi pancha. Nguzo iliyofuata ilikuwa hatua nyingine hamsini mbele.

"Hapa hapakuwa na nguzo?" alimuuliza fundi.

"Ilikuwepo. Lori la saruji liliilaza miezi miwili nyuma. Wazoa vyuma wakaibeba kabla dereva mwenyewe hajatolewa."

"Na shina lake?"

"Shina walilichimba kesho yake. Mimi nikapata pa kuweka matairi."

"Hamkutoa taarifa?"

Fundi alimtazama kama anayetaniwa. "Taarifa ya taa isiyowaka, mzee? Kwa nani?"

Kwa hiyo nguzo ya kumi na nane ilikuwa ya kumi na tisa. Kivuko kilipaswa kuwa hatua hamsini nyuma, mahali paliponyooka, ambapo dereva angewaona watu tangu mbali. Fundi yeyote wa idara ile angehesabu kama alivyohesabu yeye, na wote walijua nguzo huangushwa. Hakuna aliyewahi kuyaweka mambo hayo mawili pamoja.

Nyumbani alipanga vijiko mezani, kimoja baada ya kingine, akaondoa kimoja, akamwonyesha mkewe. Mkewe alielewa kabla kijiko cha mwisho hakijatua.

"Andika, Mwalimu," alisema. Siku zote alimwita Mwalimu. "Waandikie wakifute. Wanifukuze kazi kama wanataka, lakini wakifute kesho."

"Baba, kaa kwanza."

"Nimekaa vya kutosha."

"Jumamosi wanakuja wazee wa watu kumposa binti yako. Unataka wafike hapa wakute habari kwamba baba wa bibi harusi ameua watu watatu kwa hesabu ya darasa la kwanza? Watageuzia getini. Na hao ndugu zangu watacheka mpaka lini?"

"Wanatembea, Mwalimu. Nimewaona leo. Wanatembea taratibu. Na ni sisi tuliowaambia watembee."

"Nitaandika Jumapili."

"Leo Jumanne."

"Siku nne. Barabara ile imeua watu miaka yote, siku nne hazitaibadilisha tabia."

Ndivyo alivyosema. Yameandikwa hapa jinsi yalivyosemwa, bila kupunguzwa, kwa sababu watu wameamua kumbebesha mumewe siku hizo nne.

Jumatano Mstari alikwenda kwa msimamizi kumweleza kwa mdomo. Msimamizi hakuinua macho. "Lete kwa maandishi. Si wewe mwandishi wetu? Weka na nukta mkato." Ofisi nzima ikacheka. Alirudi akamweleza mkewe, na mkewe akamwambia Jumapili.

Jumatano hiyo, na Alhamisi, naibu mwalimu mkuu alisimama mbele ya wanafunzi mia nne asubuhi. Angeweza kuwaambia wakimbie. Angeweza kuwaambia wasikanyage mistari ile kabisa, wapite kwingine. Aliwakagua kucha.

Alhamisi saa sita mchana waliachiwa wadogo. Msichana wa darasa la nne alisimama ukingoni, akatazama kulia na kushoto, akaanza kutembea juu ya mistari kama mtu aliyesoma. Lori la mchanga lilikuwa halina mzigo, ndiyo maana lilikuwa na mbio. Walimu waliitwa kumtambua. Uso haukuweza kusaidia. Mkewe alitambua daftari lililofunguka juu ya lami, lenye wino mwekundu wa mkono wake mwenyewe. Alikuwa ameandika, Vizuri sana.

Jioni Mstari hakumlaumu mkewe. Angemlaumu, ingekuwa nafuu. Alikaa akitazama ukuta, na mkewe akachukua karatasi bila kuambiwa, akaandika barua kurasa mbili, ya mwisho aliyomwandikia, na mume hakusimama nyuma ya kiti kutazama kalamu.

Ijumaa asubuhi na mapema aliipeleka. Karani aliisoma yote kwa kuipenda, akaigonga mhuri wa kupokelewa. "Msimamizi yuko kikaoni mpaka Jumatatu. Jibu ndani ya siku kumi na nne za kazi."

"Watoto watavuka leo."

"Mzee Mstari, mimi nimepokea. Kupokea ndiyo kazi yangu."

Basi akaenda ghalani, akachukua debe la lami nyepesi iliyochanganywa na mafuta ya taa, ile ya kuzibia nyufa, na brashi yake. Tumbo alikuwa amekaa mlangoni.

"Una kibali?"

"Sina."

"Mimi nina familia, bwana. Sijakuona." Akasukuma koni tatu kwa mguu mpaka zikafika miguuni pa Mstari, kisha akageukia ukuta.

Alifika kivukoni saa tatu na nusu, foleni ingali imekaba. Aliweka koni zake tatu, akapiga magoti, akaanza kufuta, mstari mweupe mmoja baada ya mwingine ukigeuka mweusi. Alikuwa anafanya haraka. Alijua saa nne inakuja, na foleni ikishaachia hatapata nafasi nyingine.

Aliyepiga kelele kwanza ni seremala. Alitoka karakanani na randa mkononi. "Wanatufutia! Jamani, njooni, wanatufutia kivuko!"

Watu wakaja. Walitoka sokoni, walitoka foleni ya maji, walishuka kwenye mabasi yaliyokwama. Wengi wao walikuwa na msiba mbichi. Wengine walikuwa njiani kwenda kumzika msichana.

"Miaka sita tumeomba!"

"Mtoto kafa jana, leo wanaficha ushahidi!"

"Nani kakutuma, Mstari? Wakubwa?"

"Hakiko mahali pake," Mstari alisema bila kuacha brashi. "Kuna nguzo iliyoanguka. Nilihesabu vibaya. Nitachora kingine pale nyuma, hatua hamsini tu. Niachieni dakika kumi."

Walisikia neno moja tu. "Kasema mwenyewe! Kasema alihesabu vibaya!"

"Ndiyo, nimesema. Niachieni nifute."

Hakuna aliyemwachia. Mtu mmoja alilipiga debe teke, lami ikamrukia usoni na kifuani, ikatapakaa miguuni pake. Alisimama akijifuta macho kwa kiwiko, hawezi kuona, akaomba brashi. "Imebaki mitano," alisema. "Mitano tu, jamani." Magari yalikuwa yameanza kunguruma. Alipeleka mguu kuitafuta brashi, akateleza kwenye lami yake, akajishika, akayumba tena. Hapo ndipo walipomwona mlevi wao. Harufu waliyoisikia ni ya mafuta ya taa. Kuyumba ni kwa utelezi. Kisha mkono mmoja ukatoka kwenye umati ukamsukuma kifuani, wala si kwa nguvu, kama mtu anavyosukuma mlango asiojua kama umefungwa. Akarudi nyuma hatua tatu, akavuka mstari wa katikati, na foleni ikaachia.

Lilikuwa basi. Halikusimama mpaka kituo chake cha kawaida.

Koni zote tatu ziliibwa kabla mwili haujafunikwa. Moja ilionekana miaka mingi pale konani, ikizuia wenye magari wasiegeshe mbele ya karakana. Mistari mitano iliyobaki hakuna aliyeigusa. Kwa miezi mitatu watu walitembea kwenye ile mitano, wakafika penye weusi, wakakimbia, na wengine wawili walikufa wakiwa kwenye ile ya kutembea. Barua ilijibiwa siku ya kumi na tatu: idara imelipokea pendekezo na itatuma mtu kuhesabu nguzo.

Jumamosi wageni wa posa walifika kwa wakati, wamevaa vizuri, wakakuta maziko. Mzee wao alimpa mkewe pole kwa kumgusa ncha za vidole. Waliketi kiasi cha heshima, wakaondoka, na lile neno lililowaleta halikutajwa siku ile wala siku nyingine. Ndugu za mkewe walikuja wote. Kaka mkubwa alishika jeneza upande wa kichwani na hakusema ndoo.

Baadaye yakaja matingatinga. Yalibomoa karakana, ukuta wa shule, vibanda vya upande mmoja na nyumba za upande wa pili, yakang'oa nguzo zote, zilizohesabiwa na zisizohesabiwa, na pale palipokuwa na kivuko leo pana zege tupu lisilo na alama yoyote. Binti ameolewa kwingine, na watu wema. Mkewe alistaafu akiwa mwalimu mkuu.

Kuna jambo moja ambalo halijaandikwa. Saa ile foleni ilipoachia, mkewe alikuwa amesimama kwenye lango la shule, upande wa pili wa barabara. Alikuwa ametumiwa mtu kumwita. Aliona debe likipigwa teke, aliona lami, alimsikia mumewe akiomba mitano. Aliuona na ule mkono, na mwenye mkono. Wanafahamiana. Askari walimuuliza mara mbili, akasema hakuona. Binti yake alimuuliza siku ya arobaini na mbili baada ya maziko, jikoni, huku analia, akaambiwa hivyohivyo.

Aliona. Kwamba mwenye mkono alikuwa mwanamume au mwanamke, kwamba alikuwa na msiba wake siku hiyo au hakuwa nao, kwamba yu hai au amekufa, hayo watu wataendelea kuyatafuta, na wengine wamekwisha kumtajia mkewe majina ili watazame uso wake. Waache kuja. Mumewe amesafishwa, na siku nne zimetajwa zilikotoka. Jina hilo hatalitaja, na hatasema ni kwa nini.